Ame Ipi?

10 Juni, Jumanne. Mvua.

Redio imetangaza asubuhi kwamba majira ya mvua yameingia Kanazawa. Bibi amesema redio imechelewa, magoti yake yalitangaza tangu Jumapili.

Jioni tumetoa vikonyo vya plamu mbichi, kilo nne, moja moja kwa ncha ya kijiti, tukazipanga kwenye gudulia pamoja na chumvi. Zitakaa humo mpaka mvua iishe, ndipo zianikwe. Bibi haniruhusu kuzungumza ninapozipanga. Anasema plamu zikisikia umbeya huota ukungu.

Hili ni daftari langu la pili tangu Aprili. Mwalimu Haneda, anayetufundisha lugha, huyakusanya madaftari yetu kila asubuhi na kuyarudisha jioni yakiwa na neno moja au mawili ya wino mwekundu. Ametuagiza tuandike tulichokiona, si tunachodhani anataka kusoma. Nitajitahidi.

11 Juni, Jumatano. Mvua.

Nimesahau mwavuli shuleni. Mama ameniambia lile ambalo kila mama wa mji huu humwambia mtoto: "Sahau chakula chako, usisahau mwavuli."

13 Juni, Ijumaa. Mawingu, kisha mvua.

Leo nataka kuandika juu ya Amedori.

Kuna gemu iliyotoka majira ya kuchipua, jina lake Tsukumori. Ndani yake mna msitu wenye viumbe tisini na tisa, na kazi ya mchezaji ni kuwatafuta, kuwalea, na kupambana nao. Wanapambana wawili kwa wawili, kwa hiyo unahitaji mwenzako. Mwenzangu ni Kozue. Tumekaa nyumba zinazopakana tangu tukiwa wa kubebwa, na siku tuliyoanza gemu hii tulikaa sebuleni kwao, kila mmoja na mashine yake, tukachagua kiumbe wa kwanza bila kuonyeshana. Yeye alimchagua Sumigame, kobe mwenye makaa ya moto juu ya gamba. Mimi nilimchagua Amedori.

Amedori ni ndege. Mwili wake una rangi ya asali, na ukimgeuza kuelekea jua la kwenye kioo cha mashine unaona mwanga ukipita hadi upande wa pili. Ana mstari mmoja mwekundu mgongoni, kama uliopakwa kwa brashi mara moja bila kurudia. Ncha za mbawa zake zimechanjwachanjwa. Husimama kwa mguu mmoja tu, mweupe, mnyoofu, usio na vidole. Watu husema amechorwa kwa mfano wa korongo alalaye shambani. Mimi nadhani aliyemchora alimpenda sana, kwa sababu hakumwongezea kitu.

Vitani hafai. Sijui kuliandika hilo kwa upole zaidi. Kwenye mtandao wachezaji wamewapanga viumbe wote kwa uwezo, na Amedori ni wa tisini na saba. Ana mbinu moja iitwayo Kujipepea, ambayo haifanyi lolote. Kila mtu huicheka.

(Wino mwekundu: "Umemtazama vizuri. Anakula nini?")

16 Juni, Jumatatu.

Nimetafuta kwenye gemu nzima. Hawajasema anakula nini.

17 Juni, Jumanne. Mvua.

Mtihani wa hesabu. Tisini na moja. Nashukuru.

20 Juni, Ijumaa. Mvua kubwa.

Tumepambana na Rinko wa shuleni kwetu na dada yake, nyumbani kwa Kozue. Tumeshindwa mara tano.

Mpango wetu ni huu. Gemu inasema juu ya Amedori: "Nguvu ya ame imo mikononi mwa mwenzake." Ame ni mvua, kwa hiyo Kozue amemvisha Sumigame kengele ya mvua, na kila pambano linapoanza kobe huipiga, mvua ikanyesha uwanjani. Lakini mvua ikinyesha Amedori hulegea. Mbawa zake hunywea, na pigo dogo tu linamwangusha.

"Ndege wa mvua anayeogopa mvua!" Rinko alisema huku akila biskuti zetu. "Chisato, huyo ni kama samaki asiyejua kuogelea. Mtupe mtoni."

"Mtoni si ndiyo atakufa kabisa?" Kozue akajibu, na wote wakacheka, hata mimi.

Kozue alipiga tena ile kengele, mara ya sita.

24 Juni, Jumanne. Mvua.

Baba yake Kozue amehamishwa kikazi. Wanakwenda Matsuyama, kuvuka bahari ya ndani, tarehe 27 Julai. Kozue aliniambia tulipokuwa tunavua viatu mlangoni mwa shule, akiwa ameinama, kwa hiyo sikuuona uso wake.

"Huko mvua ni kidogo," alisema. "Sitahitaji hata mwavuli."

Nikasema, "Hongera."

Sijui kwa nini nilisema hongera.

(Wino mwekundu: "Mara nyingine neno la karibu ndilo linalotoka kwanza. Si kosa.")

28 Juni, Jumamosi. Manyunyu.

Jumba la mtaa limebandika tangazo. Mashindano ya Tsukumori kwa watoto, 19 Julai. Fomu za jozi ziingie kisandukuni kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya tarehe 11. Kozue alilisoma mara mbili, akanigeukia: "Mara ya mwisho, Chi-chan. Safari hii tushinde angalau moja."

Nimeomba kimoyomoyo iwe hivyo.

2 Julai, Jumatano. Mvua tangu alfajiri.

Tumegombana. Nitaandika kama ilivyokuwa, hata pale nisipopendeza.

Tulikuwa sebuleni kwao. Nusu ya vitabu imeshaingia kwenye maboksi. Tulipambana na watu tusiowajua, kwa mtandao, tukashindwa mara tatu. Kozue akaweka mashine yake mezani, taratibu, kifudifudi.

"Chi-chan, mbadilishe huyo ndege."

"Kwa nani?"

"Yeyote! Una viumbe sitini na kitu. Yule fuko wako mzuri tu."

"Lakini Amedori ndiye niliyeanza naye."

"Na Sumigame ndiye niliyeanza naye mimi!" Sauti yake ilipanda. "Umewahi kumwona Sumigame akipigana? Kweli kweli? Kobe wangu ni wa moto. Kila siku namnyeshea mvua mwenyewe. Mwezi mzima makaa yake yamezima kwa ajili ya ndege wako, na bado ndege wako anaanguka."

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Hakuna aliyekuomba."

Mama yake alikuwa jikoni anakata mboga. Kisu kikasimama.

"Sawa," Kozue alisema. "Rinko ameniomba niwe mwenzake. Nitamkubalia. Ukibadili mawazo kabla fomu hazijafungwa, uniambie."

Nimerudi nyumbani bila mwavuli, japo ni hatua kumi tu. Ninaandika hivi na nywele bado zimelowa. Ni kweli kwamba sikumwomba. Ni kweli pia kwamba alifanya bila kuombwa, siku ishirini na zaidi, na mimi sikuwahi kuyatazama yale makaa.

3 Julai, Alhamisi. Mvua.

Kozue ameenda shule na Rinko.

4 Julai, Ijumaa. Mvua.

Vivyo hivyo.

7 Julai, Jumatatu. Mvua.

Leo ni sikukuu ya nyota mbili zinazokutana mara moja kwa mwaka. Mvua ikinyesha mto wa mbinguni hufurika, na hawakutani. Darasani tumefunga vikaratasi vya maombi kwenye tawi la mwanzi. Cha Kozue nilikiona bila kukusudia: "Nipate marafiki Matsuyama." Changu niliandika nipate maksi nzuri za Kiingereza, kwa sababu lile ombi la kweli ningeona aibu likisomwa.

Usiku huu nimejaribu kumweka fuko mahali pa Amedori. Fuko ni hodari. Nimeshinda mapambano mawili na sikufurahi hata kidogo. Nimerudi kumtazama Amedori na kuinakili hapa sentensi yake, labda nikiiandika kwa mkono nitaielewa: Nguvu ya ame imo mikononi mwa mwenzake.

8 Julai, Jumanne. Mvua.

Ninaandika haraka, naomba radhi kwa mwandiko.

Jioni daftari limerudi. Mwalimu Haneda amelizungushia duara jekundu neno moja katika ile sentensi ya jana. Neno lenyewe ni ame. Nililiandika kwa herufi za sauti, zinazoonyesha matamshi tu bila maana, kama linavyoandikwa kwenye gemu, kwa kuwa gemu ni ya watoto na yote imeandikwa kwa herufi za sauti. Pembeni ameandika:

"Ame ipi? Kama ni mvua, herufi yake ya maana ulijifunza darasa la kwanza, itumie. Kama ni peremende, hiyo hatujaifundisha bado. Nakuandikia hapa uione."

Na chini yake, kwa wino mwekundu, herufi moja nzuri yenye mistari mingi: peremende.

Nimekaa nayo mbele ya macho mpaka Mama akaniita mara tatu kula. Tukisema kwa mdomo, maneno haya mawili tunayatofautisha: moja sauti hushuka, jingine hupanda. Lakini sentensi hii hakuna aliyewahi kuisikia. Sote tumeisoma tu kwenye kioo, na kwa kuwa tulikuwa tunaisoma huku mvua ikigonga madirisha, hakuna aliyejiuliza.

Mwili wa rangi ya asali, unaopitisha mwanga. Mstari mmoja wa rangi. Mbawa zilizochanjwa kwa mkasi. Mguu mmoja mweupe usio na vidole.

Si mguu. Ni kijiti.

9 Julai, Jumatano. Mvua.

Bibi alikuwa anatazama mieleka. Nilingoja mwanamieleka ampendaye anyanyuliwe na kutolewa nje ya duara, kisha nikamwonyesha Amedori kwenye mashine.

"Bibi, huyu unamwona ni nini?"

Akavaa miwani. "Huyu? Peremende ya kufinyangwa. Mlikuwa mnadhani ni nini?"

"Ndege wa mvua."

"Mvua!" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Peremende kwenye mvua si inayeyuka yote? Ndicho mnachofundishwa huko sekondari?"

Akanieleza, na macho yake hayakurudi kwenye mieleka tena. Alipokuwa mdogo, siku za sherehe ya hekalu, alikuja mzee mmoja na kibanda chenye jiko la makaa. Juu ya makaa palikuwa na sufuria ya sukari iliyopikwa ikawa nzito kama unga uliokandwa. Mzee alichota donge kwa mikono mitupu, akalibandika kwenye kijiti, akalivuta, akalikata kwa mkasi mdogo, chap chap chap. Mtoto anataja mnyama, mzee anamtoa kabla hujahesabu mia. Mwisho alipiga mstari wa rangi, akachukua upepeo na kulipepea ligande.

"Akilipepea, Bibi?"

"Ndiyo. Bila kupepea linainama shingo. Na ukichelewa, limeshaganda mkononi, hata uliombe halikusikii. Mikono ya yule mzee ilikuwa na malengelenge, lakini alikuwa anacheka tu. Mimi nilitaka sungura kila mwaka. Sikuwahi kumla, nilimweka dirishani mpaka sisimizi wakamchukua."

Kujipepea. Ile mbinu isiyofanya lolote.

Kabla ya kulala nimefungua orodha ya viumbe wote. Amedori ni namba arobaini na mbili. Wa arobaini na moja, ukurasa huohuo, bega kwa bega naye, ni kobe mwenye makaa mgongoni.

10 Julai, Alhamisi. Mvua kubwa, na radi.

Mashine haziruhusiwi shuleni, na tangu tugombane Kozue huondoka darasani kabla sijafunga mkoba. Kwa hiyo nimekwenda kwao baada ya chakula cha jioni. Hatua kumi. Safari hii nilichukua mwavuli.

Alifungua mwenyewe. Nyuma yake korido ilikuwa imejaa maboksi mpaka usawa wa kifua.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema haraka, kabla ujasiri haujaniponyoka. "Nilisema hakuna aliyekuomba. Ni kweli sikukuomba, na ndiyo maana ilipaswa nishukuru zaidi. Nashukuru. Na samahani kwa makaa yako."

Alinitazama. "Umeikariri?"

"Njiani."

"Njia gani, hatua kumi?"

"Niliizunguka nyumba yenu mara mbili."

Akacheka puani. Kisha akaukunja uso tena, kama aliyekumbuka kwamba amekasirika. "Kwa hiyo umembadilisha ndege?"

"Hapana. Nataka umchome."

"Nini?"

"Mvue Sumigame kengele. Halafu umpige Amedori kwa moto. Moto wako wote."

"We Chisato, una homa?" Akanigusa paji la uso kweli. "Ukimpiga mwenzako kwa moto anakufa. Hata watoto wa chekechea wanajua."

Nikamweleza: herufi nyekundu, kijiti, mzee wa sherehe, namba arobaini na moja na arobaini na mbili. Niliongea vibaya, nikirukaruka. Alikuwa ameegemea boksi lililoandikwa VYOMBO. Nilipomaliza, radi ikapiga upande wa milimani.

"Na kama sivyo?" aliuliza. "Anaungua, fomu ni kesho, na nitakuwa nimemchoma Amedori wako kwa mkono wangu. Halafu niende Matsuyama na hilo kichwani."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nilidhani tangu mwanzo kwamba anamchukia ndege wangu.

"Kama sivyo," nikasema, "namchukua fuko, na tunaenda wote. Ukinikubali."

Tukakaa sakafuni kati ya maboksi. Tukatafuta wapinzani kwa mtandao, yeyote. Kozue hakumvisha Sumigame kengele. Pambano likaanza kwenye uwanja mkavu, na kwa mara ya kwanza tangu Juni nikayaona makaa ya yule kobe yakiwa mekundu, yanapumua. Ni mazuri sana. Kozue aliweka kidole juu ya kitufe.

"Chi-chan."

"Choma."

Alifumba macho, akabonyeza.

Moto ulimfunika Amedori mzima. Mstari wa uhai wake haukusogea. Kioo kikawa cha dhahabu, na ndani yake yule ndege akalainika, akawa donge linalong'aa juu ya kijiti cheupe. Picha tatu zikatokea ambazo hatujawahi kuziona: korongo, samaki mwekundu, farasi. Na chini, namba zinashuka: kumi, tisa, nane.

"Chagua! Chagua, we!" Kozue alinipigia kelele sikioni.

Nikachagua korongo. Mbawa zikavutika, mkasi usioonekana ukalia chap chap chap, nami nikabonyeza Kujipepea. Akaganda. Wapinzani wakampiga kwa mwamba, mwamba ukavunjika vipande. Wakampiga tena. Amedori alisimama palepale kwa mguu wake mmoja, na mwanga ukapita ndani yake hadi upande wa pili.

Tulishinda. Mama yake Kozue alikuja mbio akidhani boksi la vyombo limeanguka.

Kozue alikuwa anafuta macho kwa kiganja. "Mikononi mwa mwenzake," alisema. "Mimi ndiye jiko, kumbe. Mwezi mzima nilikuwa najimwagia maji."

(Wino mwekundu: "Nimesoma nikiwa nimesimama. Chumbani mwa walimu wameniuliza kuna nini.")

11 Julai, Ijumaa. Mvua.

Kozue amezungumza na Rinko mwenyewe, nami nilikuwa kando yake. Rinko alisema, "Nendeni zenu, wapenzi wa kuku. Nitacheza na dada yangu, lakini niachieni biskuti." Namshukuru. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Fomu imeingia kisandukuni saa kumi na dakika hamsini na mbili.

15 Julai, Jumanne. Mawingu.

Zoezi. Bibi amekaa nyuma yetu na upepeo wake, akisema "umechelewa" kila nikichelewa.

18 Julai, Ijumaa. Manyunyu.

Muhula umefungwa. Mwalimu Haneda amesema daftari hili tuendelee nalo likizoni, atalisoma Septemba. Nilisubiri watu waishe, nikainama na kumshukuru kwa ile herufi.

"Mimi sijui lolote kuhusu gemu," alisema. "Nilikuwa nasahihisha tu."

19 Julai, Jumamosi. Jua, mvua, jua.

Jozi kumi na sita. Pambano la kwanza, Kozue alipompiga Amedori kwa moto, mtoto mmoja wa shule ya msingi alipiga ukelele, "Amekosea! Amempiga wake!" Kisha ukumbi wote ukasimama.

Tulishinda la kwanza, tukashinda la pili. La tatu tulikutana na Rinko na dada yake. Rinko alikuwa amejifunza mapema kuliko wote, akamleta kiumbe wa maji. Kozue alichoma, picha tatu zikatokea, nami nilijua ni samaki anayehitajika, lakini nilibaki nikimtazama Amedori. Alikuwa mzuri mno akiwa bado hajawa kitu. Namba zikaisha. Donge likaganda vilevile, bila shingo wala mbawa, tukashindwa.

Ukumbi ulicheka, nami nikageuka kumwomba Kozue radhi. Alikuwa anacheka kuliko wote.

"Ume-umechelewa," alisema kwa sauti ya Bibi.

Tulitaka kushinda moja, tukapata mawili. Wakati wa kuondoka yule mtoto wa msingi alimshika mkono mama yake akamwambia kwamba naye anataka yule ndege wa peremende. Hakusema ndege wa mvua.

22 Julai, Jumanne. Jua.

Redio imetangaza kwamba mvua ya msimu, tuiitayo mvua ya plamu, imekwisha. Tumezitoa plamu guduliani na kuzianika uani juu ya mikeka. Hazina ukungu hata moja. Bibi anasema ni kwa sababu mwaka huu nilinyamaza vizuri, jambo ambalo si kweli.

27 Julai, Jumapili. Jua kali.

Treni ilikuwa ya saa nne na robo. Bibi alikuwa ameulizauliza mpaka akampata mtu afinyangaye peremende, ng'ambo ya mto, akaenda mwenyewe kwa basi jana na magoti yake. Alinipa ndege wawili wa rangi ya asali, kila mmoja na mstari mmoja mwekundu.

"Msiwaweke dirishani," alisema. "Nilishawahi."

Kozue nami tulisimama kwenye jukwaa la treni, na joto likaanza kuwalegeza ndege shingo. Kozue alimpepea wake kwa tiketi. Kisha tukatazamana, tukawatia midomoni. Hatukuzungumza sana, kwa kuwa midomo ilikuwa imejaa. Treni ilipoingia tulikuwa tumebaki na vijiti viwili vyeupe, tukabadilishana. Wake ninao hapa, ndani ya daftari.

Alichukua na mwavuli. Nilimwuliza wa nini, Matsuyama si hakunyeshi? Akasema, "Mimi ni wa Kanazawa."

Nitafunga kwa sentensi moja, na nitaiandika kwa herufi za sauti, makusudi. Mwalimu, Septemba utalizungushia duara neno la kwanza na kuniuliza ni ipi. Jibu ni zote mbili.

Ame imekwisha.